Bomba la hewa ya nje kwenye jiko la kuni: moshi unarudi ndani, moto unazubaa, tatizo liko wapi?

Jamani wenye majiko ya kuni ya chuma, yale ya mlango wenye kioo, hasa nyie wa Lushoto, Soni na Magamba huko juu kwenye baridi, na wale wachache wa hapa Tanga mjini wenye oveni za mikate za kuni, naandika hii maana simu zimekuwa nyingi na swali ni lile lile. Mie fundi wa kuchomelea, nipo Ngamiani. Majiko mengine natengeneza mwenyewe, mengine watu wanaletewa na ndugu zao toka nje, yanakuja na boksi dogo pembeni lina bomba la kukunjika, kofia na kipande cha wavu. Wenyewe wanaliita kiti, yani "kit" ya Kiingereza, seti ya vifaa. Mteja wa kwanza alinipigia "fundi nimeletewa kiti cha hewa ya nje, njoo unifungie", nikajua ni kiti cha kukalia barazani, nikaenda na spana za kufungia miguu. Tukacheka sana.

Kazi ya hilo bomba ni moja tu, kuleta hewa ya nje mpaka kwenye jiko ili moto usile hewa ya chumbani. Moto unakula hewa kuliko watu wanavyodhani, kilo moja ya kuni kavu inataka kama mita za ujazo 4 mpaka 5 za hewa kwa hesabu ya kitabuni, na jiko la kweli linakula karibu mara mbili ya hapo. Sasa hiyo hewa ikipanda na dohani, au chimni kama wengi tunavyoiita, lazima nyingine iingie chumbani kuziba pengo. Nyumba zetu za zamani zina matundu ya hewa juu ya madirisha na mlango ambao chini yake paka anapita, huko hamna shida yoyote wala bomba hulihitaji, usitupe hela. Shida ni nyumba za sasa hivi, madirisha ya alumini, silingi ya jipsamu, mlango una mpira, chumba kimekazwa kama chupa ya soda, afu unawasha moto ndani unategemea upumue nini?

Kabla ya yote fanya jaribio la dirisha. Washa jiko kama kawaida, liache dakika 20 likolee, tatizo likitokea fungua dirisha la karibu upana wa vidole vinne uangalie dakika tano. Fungua la upande upepo unakotokea, sio la upande wa pili, maana la upande wa pili linaweza kunyonya hewa ya chumbani likakuharibia jaribio zima. Moto ukichangamka na moshi ukaacha kurudi, basi jiko lilikuwa na njaa ya hewa, na hapo ndo bomba linahusika. Isipobadilika kitu, achana na bomba, panda juu kaangalie dohani yako au zikague kuni. Mie nikiitwa "bomba la hewa bovu" mara nyingi nakuta bomba zima, dohani ndo inaumwa.

Moshi unarudi chumbani ukifungua mlango wa jiko

Hili ndo linaloongoza na hapa nitakaa sana kidogo, mnivumilie.

Kwanza elewa kitu ambacho hata mafundi wenzangu wanakikosea, bomba la hewa linafanya kazi mlango wa jiko ukiwa umefungwa. Ukishaufungua tu kuongeza kuni, jiko linavuta hewa ya chumbani kupitia mlango, maana ndo njia pana, bomba la inchi 4 halishindani na mlango wa sentimita 40. Kwa hiyo kama chumba kina feni ya kunyonya hewa jikoni au chooni, na feni inavuta kuliko dohani, moshi utakuja kwako hata ungefunga mabomba matatu. Kuna mgahawa mmoja hapa mjini, siutaji, wana oveni ya kuni na feni kubwa ya kutoa harufu ya samaki, wamefunga na mlango wa kioo kwa ajili ya AC ya wateja. Kila mpishi akifungua oveni anafukuzwa na moshi. Walishabadilisha bomba mara mbili! Nikazima feni, moshi ukaacha pale pale, wakaniangalia kama mganga. Dawa ilikuwa kutoboa tundu la kuingiza hewa upande wa feni, feni ipate chakula chake yenyewe isije kuiba kwenye oveni.

Kama feni hamna, angalia dohani. Dohani inavuta kwa sababu hewa ya ndani yake ina joto kuliko ya nje, basi, hamna mashine humo. Hapa Tanga saa nane mchana nje nyuzi 32, ukuta wa dohani bado wa baridi toka usiku, hewa iliyomo inashuka badala ya kupanda, ukiwasha tu unavuta moshi wewe. Kunja gazeti kurasa mbili, liwashe ulishike juu kabisa karibu na mdomo wa dohani ndani ya jiko, subiri usikie linaanza kunguruma, ndo uwashe kuni. Ukiwa na subira ya dakika mbili hutoi chozi.

Halafu urefu. Toka juu ya jiko mpaka mdomo wa dohani isipungue mita 4 na nusu, na mdomo uwe juu ya paa kama sentimita 90 pale inapotokeza, na uzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, iwe mgongo wa paa au tangi la maji la jirani. Watu wanakata dohani fupi eti isionekane mbaya, matokeo yake upepo ukipiga paa unageuka unashuka nayo.

Wa Lushoto nyie mna tatizo lenu la urithi, zile nyumba za mawe za wakati wa Mjerumani zina dohani pana mtoto anaweza kusimama ndani. Mtu ananunua jiko lenye tundu la inchi 6, analichomeka chini ya hilo pango, moshi unafika mle unapoa, unakosa nguvu, unageuza. Usihangaike na kiti cha hewa, shusha bomba la chuma la inchi 6 toka juu mpaka chini kwenye jiko, uzibe pembeni. Gharama ipo, ila hamna njia ya mkato hapo mgosi, nimeshajaribu zote.

Moto unazubaa, kioo kinakuwa cheusi kama sufuria

Hapa bomba linahusika mara nyingi. Kwanza wavu. Watu wanaweka wavu wa mbu kwenye mdomo wa bomba nje, wanaona wamefanya la maana, miezi mitatu umejaa vumbi na nyuzi za buibui hewa haipiti hata ya kupulizia uzi. Tumia wavu wenye matundu ya milimita 6 hivi, unazuia panya, mbu atapita lakini akifika kwenye moto shauri yake.

Wavu ukiwa safi, pima bomba. Bomba la inchi 4 lina nafasi ya sentimita za mraba 81, la inchi 3 lina 45 na kidogo, la inchi 2 lina 20 tu. Mtu anaona kutoka 4 kwenda 2 ni nusu, kumbe ni robo. Uingereza kwenye nyumba zilizokazwa wanataka sentimita za mraba 5 na nusu kwa kila kilowati moja ya jiko, kwa hiyo jiko la kilowati 8 linataka 44, yani inchi 3 inatosha kwa kubanana kama halina wavu wala kona. Na lako lina wavu na kona. Weka 4 ulale.

Kona ndo mwizi mwingine. Kona moja kali inakaba hewa kama umeongeza bomba lililonyooka mita moja na nusu au zaidi, na lile la kukunjika lenye mikunjo kama utumbo linakaba kuliko bomba laini. Nilikuta nyumba moja karibu na Irente bomba limetoka jikoni likazunguka kabati, likashuka, likapanda, kona tano, mwenye nyumba hakutaka lionekane. Kweli halikuonekana, na moto nao haukuonekana.

Kuna la mwinuko pia ambalo mie mwenyewe lilinitia aibu. Jiko nililijaribu hapa Ngamiani linawaka vizuri mno, nikalipandisha Lushoto likawa linalala. Nikabadilisha kuni, nikasafisha, wapi. Baadae ndo nikakaa nikafikiri, Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya bahari, kule mgandamizo wa hewa umepungua kama asilimia 15 ukilinganisha na hapa pwani, kila tundu nililotoboa kwa hesabu ya Tanga kule linaingiza oksijeni pungufu. Sasa jiko la kwenda juu natoboa tundu kubwa zaidi kidogo na naweka kilango cha kupunguza, anayekaa kule atajirekebishia mwenyewe.

Kama yote hayo yapo sawa basi ni kuni. Kuni zikizidi asilimia 20 za maji moto unatumia nguvu zake kukausha badala ya kuwaka, kioo kinapakwa masizi na dohani inajipaka lami, na ile lami siku ikishika moto ndani ya dohani mtaita zimamoto. Gonga vipande viwili, vikilia ka-ka kama mbao vimekauka, vikilia du-du rudisha bandani. Kwa ukungu wa kule juu mkaratusi uliopasuliwa unataka miezi sita na zaidi chini ya bati lenye upepo, sio chini ya turubai. Hapa pwani mvinje na mwembe vinakauka haraka, makumbi ya nazi yafae kuwashia tu.

Moto unakimbia, umefunga hewa yote na bado unanguruma

Hili linatisha. Angalia kamba ya mlango, ile ya nyuzi za kioo inayozunguka. Funga mlango na noti ya karatasi katikati, ivute, ikitoka kirahisi kamba imekufa. Badilisha, sio hela nyingi. Msitumie kamba za zamani za asbesto hata mkipewa bure, vumbi lake linaua mapafu.

Kamba ikiwa nzima basi upepo unasukuma hewa ndani ya bomba. Nje ukuta unaopigwa na upepo una msukumo, ukuta wa nyuma una mnyonyo. Mdomo wa bomba ukiangalia upepo uso kwa uso bila kofia, kila upepo ukivuma jiko lako linapulizwa kama kwa mivukuto ya mhunzi. Weka kofia inayoangalia chini, au fanya umbo la T, midomo miwili ielekee chini, upepo ukipita haumpigi mtu. Na lazima kilango cha kufungia hewa kiwepo kwenye bomba, karibu na jiko, cha chuma.

Joto au moshi unatokea kwenye bomba la hewa nje

Ukiona hili ZIMA kwanza tuongee baadae. Usimwage maji ndani ya jiko la moto litapasuka, acha kuongeza kuni, fungua madirisha, liache lijifie.

Maana yake hewa imegeuka, bomba la kuingizia limekuwa dohani. Sababu nazijua mbili. Ya kwanza mdomo wa bomba nje umewekwa juu kuliko tumbo la jiko, pale kuni zinapowakia. Mtu hataki kutoboa ukuta chini anatoboa juu karibu na dirisha, bomba linashuka mpaka kwenye jiko, siku dohani ikichoka moto unachagua kupanda na hilo. Mdomo wa hewa usizidi usawa wa tumbo la jiko kwenda juu, kamwe.

Ya pili ni upepo wa nyuma ya nyumba, ule mnyonyo niliosema. Mdomo ukiwa ukuta wa nyuma upepo ukikaza unaweza kunyonya kushinda dohani. Sasa kwetu huku upepo unahama, kusi ukianza kama Aprili unatokea kusini mashariki mpaka Oktoba hivi, halafu kaskazi inashika Novemba mpaka Machi toka kaskazini mashariki. Fundi anakuja Januari anaangalia upepo wa siku hiyo anatoboa ukuta wa kaskazini, Julai kazi yote imegeuka ukuta wa nyuma. Hesabu yangu ni ukuta wa mashariki, pepo zote mbili zina umashariki ndani yake, hautakuwa nyuma msimu wowote ule. Ila uweke kofia kwa sababu na mvua itakuja na huko huko. Huko milimani upepo unafuata mabonde, hesabu hii isikudanganye, ulizia wenyeji. Mwenye sakafu ya mbao iliyoinuka na chini kuna uwazi wenye hewa, chukua hewa toka chini ya sakafu, upepo hauna kelele kule.

Na ndo maana nagombana na watu wa bomba la plastiki la maji taka. Ni rahisi, lipo kila duka, nakubali. Ila siku hewa ikigeuka mle inapita moto, plastiki linayeyuka ndani ya ukuta. Mita ya kwanza na nusu toka kwenye jiko iwe chuma, mie naweka chuma mpaka nje. Karibu na bahari tumia isiyoshika kutu au bati nene lililopakwa rangi, ile chumvi ya Raskazone inatafuna bati jembamba huku unaangalia.

Kuijua hewa inaelekea wapi bila mashine, chukua kijiti cha udi ukiwashe, kipeleke kwenye mdomo wa bomba nje jiko likiwa linawaka. Moshi wa udi ukivutwa ndani salama, ukisukumwa nje una kazi. Na nyumba itanukia.

Mambo madogo madogo

Maji yanadondoka kwenye bomba ndani ya chumba: hewa ya nje ya Lushoto usiku wa Julai ni baridi, bomba linakuwa baridi, mvuke wa chumbani unaganda juu yake matone kama glasi ya maji ya barafu. Lifunge sufi ya kuhifadhi joto juu yake karatasi ya alumini. Bomba likipita ukutani liinamishe kidogo kwenda nje, maji ya mvua yasiingie.

Sebule ina baridi miguuni hata moto ukiwaka na bomba lipo: basi halijaunganishwa kwenye jiko, limeachwa wazi pembeni yake. Unganisha moja kwa moja, kama jiko lina shingo ya kupokelea. Kama halina usitoboe ovyo, kuna majiko hewa yake inaingilia sehemu tatu na ukiziba moja tu umepoteza muda.

Mluzi usiku: kilango kimelegea, au ncha ya wavu. Dakika mbili na koleo.

Kichwa kinauma, kichefuchefu, watu wote nyumbani wanasinzia

Hapa sio tena mambo ya ufundi. Hiyo ni kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na moshi kutoonekana haimaanishi haipo. Toka nje wote, beba na watoto, halafu hospitali hata kama mnajisikia nafuu. Usirudi kulala eti nimefungua dirisha. Na jamani jiko la mkaa usiliingize chumbani ukafunga mlango kwa ajili ya baridi, hilo halina dohani, halina bomba, hamna kiti cha kulisaidia. Kama unalala nyumba yenye jiko la kuni tafuta kile kidude cha kupiga alamu ya hiyo gesi, kiweke chumba chenye jiko na kingine karibu na unapolala, ukibonyeze kila mwezi uone kinalia.

Ukishatengeneza yote, jiko lisipotumika funga kilango cha bomba, maana nyigu wa udongo wanalipenda sana hilo tundu, wanajenga kiota chao humo unakuja kugundua Juni siku ya kwanza ya baridi, wageni wameshafika, moto hauwaki. Mwezi Mei chukua tochi na waya mrefu ukachungulie. Mwaka jana nilitoa udongo wa kujaza kikombe kwenye bomba moja la guest ya Soni, na ndani yake buibui wakavu wamepangwa kama dagaa.